Kamera Iliyobaki Rusinga

Isebania,
20 Oktoba 1997

Willis,

Hii ni wiki ya pili niko nyumbani na mkono wangu bado unatafuta kitu cha kushika. Watu wananiuliza nasomea nini Nairobi. Nasema sinema. Wananiuliza kamera iko wapi. Nasema iko kwa Mjaluo mmoja kisiwani. Wanacheka mpaka wanashika magoti.

Tuligoma kwa sababu ya kamera, tukafukuzwa kwa sababu ya mawe, na mimi sikurusha hata moja. Miaka miwili Bwana Ondieki anatuchorea kamera ubaoni kwa chaki! Niulize sehemu za lenzi, nitakutajia hata nikiwa nimelala. Niulize kamera ina uzito gani begani, sijui. Na sasa chuo kimetupa moja ya kugawana sisi wawili, eti kila mtu arudi na filamu yake ya dakika kumi, asiye na filamu arudie mwaka.

Jana nilienda chumba cha video nyuma ya duka la mbolea. Walikuwa wanaonyesha picha ya karate, Kichina kitupu. Kando ya televisheni amesimama jamaa na fimbo, anatafsiri kwa Kiswahili na Kikuria mambo ambayo hata yeye haelewi. Mzee mmoja wa kwenye picha alipovunjiwa meza, jamaa akasema, "Huyu ndiye aliyehamisha mpaka wa shamba usiku!" Watu wakapiga kelele kwa hasira kama wanamjua. Nilimwonea wivu. Sisi tunafundishwa kuchambua filamu za watu, na yeye kwa fimbo moja ameileta ya wenyewe ikawa ya Isebania.

Filamu yangu unaijua, lakini nikukumbushe kwa sababu kichwa chako ni cha omena. Nyanya yangu alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume. Kwa mila yetu akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu, Kezia, ili nyumba yake isife. Mimi na ndugu zangu tumezaliwa humo. Kwa hivyo nikisema nyanya yangu ana bibi, si mzaha, ni ukoo wangu. Nataka wale wawili wakae mbele ya kamera waeleze wenyewe, maana kila aliyeandika juu yao alikuwa mtu wa kupita.

Tulisema wiki tatu kwako, halafu kwangu. Wiki tatu zinakaribia.

Robi


Rusinga,
2 Novemba 1997

Robi nyar Kuria, binti wa Wakuria,

Omena ni dagaa ya kichwa kidogo lakini inalisha Kenya nzima, kwa hivyo asante.

Ungekuwa hapa ungenyamaza. Unaamka asubuhi, ziwa halipo. Ni shamba. Magugu yametanda kutoka ufuoni mpaka jicho linapokoma, na maua yake ya zambarau mazuri kama ya harusi, halafu unamwona mtu katikati yake anasukuma mtumbwi kwa mti kama anayelima. Mtu huyo ni binamu yangu Elijah. Ndiye nimemfuata na kamera siku zote hizi. Mgongo wake pekee ni filamu. Asubuhi jua likija kutoka upande wa Mbita linapiga yale majani yenye umande, na hata Bwana Ondieki angetupa chaki yake.

Nimeona sinema ngapi maishani ambapo kwetu ni twiga, machweo, na mzungu mwenye kofia? Ziwa likionekana, linaonekana kutoka kwenye ndege. Mimi nataka lionekane kutoka kiunoni, pale maji yanapomfikia Elijah, na yeye akitukana magugu kwa Dholuo bila mtu wa kumtafsiria.

Usinikasirikie nikisema ukweli. Yako ni wanawake wawili wamekaa wanaongea. Hiyo ni redio. Sinema ni kitu kinachosogea. Niongezee siku chache, nimalize vizuri, nawe utafute kitu kitakachosogea.

Dolphine, mke wa Elijah, anakusalimu. Anauliza kama wewe ndiye utanioa. Nimemwambia Wakuria wanataka ng'ombe wengi.

Willis


Isebania,
13 Novemba 1997

Willis,

Redio? Sawa. Sasa sikiliza redio.

Nchagwa, mtoto wa kaka yake marehemu babu, ametupeleka kwa chifu. Anasema nyumba ya Nyanya haina mwanamume, shamba lirudi kwa ukoo. Ndugu zangu wa kiume bado wanavaa kaptura za shule, na yeye hawahesabu. Kesi ni Ijumaa tarehe tano Disemba, mbele ya wazee. Nyanya amesema atasimama mwenyewe. Tena amekubali nimrekodi, nimembembeleza mpaka magoti yameota sugu, na chifu naye amekubali. Nyanya alisema hivi: "Mara moja tu. Mimi si kasuku."

Unanielewa? Hii si kazi ya shule tena. Wakimnyang'anya, sisi ni watu wa barabarani. Na wakijua kuna kamera, watachunga ndimi zao. Na maneno yake yatabaki hata wazee wale wakisahau kwa makusudi.

Ulisema siku chache na zimepita. Maua ya magugu hayana kesi, yatakuwepo hata Januari. Weka kamera kwenye gari la Homa Bay, niandikie ni gari gani, nitakuja kuipokea hata kwa miguu. Isipite mwisho wa mwezi.

Tafadhali. Unajua hili neno silipendi.

Robi


Rusinga,
22 Novemba 1997

Robi,

Barua yako nimeipata. Mvua huku ni mbaya. Barabara ya kutoka Mbita imekatwa na maji, na boti haziwezi kutoka kwa sababu ya magugu. Nikipata njia nitaituma. Niamini.

Pole kwa mambo ya nyumbani.

Willis


Isebania,
6 Disemba 1997

Willis,

Kesi ilisikilizwa jana. Nakuandikia si kwa sababu unastahili, ila kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayemjua atakayeelewa nimepoteza nini.

Tulikuwa tumebanana kwenye baraza la ofisi ya chifu, mvua inatwanga mabati. Nilikuwa nimepata nafasi mbele kabisa. Mwanga uliingia kutoka upande wa kushoto, laini, ule tulioambiwa watu wa Ulaya wanaununua kwa mataa. Mikono yangu ilikuwa mapajani kama ya mgeni matangani.

Nchagwa akasimama. Anajua kuongea, sikatai. "Wazee, sina ubaya na huyu mama. Lakini tusidanganyane. Nyumba ile haina mwanamume. Mwanamke ameoa mwanamke, watoto wamezaliwa, sawa. Lakini baba yao ni nani? Shamba la babu zetu tutaliacha chini ya sketi?"

Watu wakaguna. Nyanya akainuka polepole, akakaza leso, wala hakuwatazama wazee. Alimtazama yeye.

"Nchagwa, siku nilipotoa ng'ombe kumwoa Kezia, pombe ya harusi uliinywa?"

"Niliinywa, mama."

"Ulikunywa kidogo?"

Watu wakaanza kucheka.

"Ulikunywa ukalala zizini kwangu na viatu, tukakufunika. Sasa nikuulize mbele ya hawa. Siku ile ulipokuwa unaimba mpaka sauti ikakauka, ulikuwa unamwimbia bwana harusi gani?"

Mzee aliyekuwa anasinzia alifungua macho. Na mama yangu, Willis, mama yangu ambaye mbele ya ukoo hutazama vidole vyake vya miguu, aliinua uso. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mshipa wa shingo yake ukipiga. Ulitaka kitu kinachosogea. Kilisogea pale, na mimi nilikuwa nakitazama kwa macho matupu kama ng'ombe.

Nyanya aliendelea. Alitaja kila mzee aliyekula nyama siku ile, na sehemu aliyopewa. Nilijaribu kuandika jioni, nikapata maneno, lakini zile pumzi katikati ya maneno hazikubali kalamu.

Uamuzi: shamba libaki kwake akiwa hai. Akifa, ukoo utakaa tena. Akifa! Walimwambia hivyo usoni, na karani akaandika kwamba pande zote zimeridhika. Nyanya ameridhika lini? Nchagwa alitoka akisema atangoja.

Mabasi ya Homa Bay yamekuwa yakifika hapa, yamechelewa na yana matope, lakini yanafika. Kama barabara ya Mbita imekatika, ulimi wako nao umekatika? Ulitaka mgongo wa Elijah uwe mzuri zaidi kidogo. Haya. Kaa nao. Ukipewa zawadi huko Nairobi nitapiga makofi kama wengine.

Usiniandikie tena habari za mvua.

Robi


Rusinga,
19 Disemba 1997

Kwa Robi,

Hunijui. Mimi ni Dolphine, bibi ya Elijah. Kiswahili yangu ni ya darasa la nane na ya soko, utanivumilia.

Barua yako nimesoma. Sikuiba. Willis aliisoma akaiacha mezani kwangu akaenda ziwa, na naona alitaka mtu asome kwa niaba yake. Sasa mimi nakuambia yenye yeye hawezi kusema.

Ile siku ulikuwa unaandika barua ya pili, kamera haikuwa kwake. Mwezi wa kumi na moja mwanzoni askari walikuja ufuo wetu kuchoma nyavu za macho madogo, zenye serikali imekataza. Elijah alikataa kuachilia wavu wake. Ni ya mkopo wa kikundi, angefanya nini? Wakampiga na rungu mbele ya watoto, mkono ukavunjika. Willis alikuwa hapo. Alikuwa ameshika kamera jichoni, anarekodi. Mimi ndio niliruka nikamlalia bwanangu. Askari wakaona kamera, wakaichukua, na Willis wakamlaza ndani siku mbili.

Alipotoka nilimwuliza swali moja tu: mikono yako ilikuwa wapi? Tangu hapo sikumpa chakula kwa mkono wangu mpaka juzi. Niliweka sahani chini kama ya mbwa. Lakini pia nitasema haki. Kila siku aliamka akatembea mpaka kituo huko Mbita kuomba hiyo kamera. Wakamfukuza, akarudi. Wakamfanya aoshe gari lao, akaosha. Hakutaka kukuambia kwa sababu angetakiwa kusema pia ile ingine, ya mikono.

Juzi wamempa. Kanda hakuna. Walivuta ule utepe wote wakatupa kwa magugu.

Kamera inakuja Homa Bay na ndugu yangu Jeff, fundi wa redio karibu na soko. Uliza yeyote. Itakuwa kwake baada ya kura ya mwisho wa mwezi huu.

Wewe umesoma, niambie. Mtu wako akipigwa na wewe umeshika hiyo kitu, unafanya nini? Hiyo mnafundishwa siku gani?

Mkono wa Elijah unapona, umepinda kidogo.

Dolphine


Isebania,
9 Januari 1998

Willis,

Nilirarua karatasi nyingi kabla ya hii. Dolphine aliniandikia. Usimkasirikie. Sina la kukuambia kuhusu ile siku, sikuwepo. Yale niliyoandika juu ya mgongo wa Elijah, nayafuta. Lakini pia nina hasira nawe, hiyo siifuti. Ungeniambia "kamera imechukuliwa" ningeenda kwa padri, kwa mwalimu, ningeazima hata redio ya kurekodi. Ulininyima nafasi ya kuhangaika.

Nilimpata Jeff Homa Bay. Alikuwa ameipangusa, akatoa mchanga kwa mswaki. Alinipa na kanda mpya, akasema ni ya Dolphine, kauza omena. Nimerudi nayo nimeipakata kama mtoto mchanga, abiria mmoja akaniuliza ni ya miezi mingapi.

Na sasa ninayo, Willis! Ninayo, na Nyanya hataki. Nilimwomba arudie yale ya barazani, nimemwekea kiti mahali penye mwanga. Akaniambia, "Yale niliwaambia wao. Wewe ulikuwepo. Unataka nimtukane Nchagwa mara ya pili na hayupo? Hiyo ni kusengenya." Mama naye akiona kioo cha kamera anatazama vidole vyake vya miguu. Kwa hivyo nina kanda nusu ya Nyanya akipepeta wimbi na kuniambia nisogee, namletea kivuli.

Tangazo liko gazetini. Chuo kinafunguliwa tarehe kumi na sita Februari. Sina filamu. Wewe nawe huna.

Robi


Rusinga,
19 Januari 1998

Robi,

Asante kwa kuandika.

Nimejaribu kumjibu Dolphine lile swali. Nimeshindwa, nikujaribie wewe. Kwenye kile kitundu cha kamera, Elijah alikuwa mdogo kama kidole. Alikuwa karibu nami kiasi cha kunishika mguu, lakini kule ndani alikuwa mbali, wa kijivu, kama mtu wa sinema. Nakumbuka niliwaza kwamba picha inatikisika, nikakaza mikono. Mikono yangu ilikuwa hapo, Robi. Ilikuwa inakaza kamera.

Watu hunifariji kwamba picha ingekuwa ushahidi. Ingekuwa. Lakini wakati ule sikuwa nawaza ushahidi. Nilikuwa nawaza kwamba hatimaye nina filamu.

Sijui kama nitarudi. Naenda ziwani badala ya Elijah mpaka mkono wake ushike kasia. Siku hizi Dolphine ananipa chakula mkononi. Ana maneno machache, lakini anaweka samaki.

Nilikosea kuhusu redio. Nisimulie chochote kinachotokea kwenu. Hapa magugu yamehamia ng'ambo kwa upepo, ziwa limerudi, na mimi sina cha kulirekodi.

Willis


Isebania,
6 Februari 1998

Willis,

Umesema nikusimulie.

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa haijakatika tangu Alhamisi. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kamera, nimekata tamaa, nasubiri Nyanya aanze kusonga ugali nimrekodi mgongo. Tukasikia kishindo kama lori limemwaga mawe. Ukuta wa nyumba ya Nchagwa, ile ya kule juu ya mteremko, ulikuwa umelala. Kisha tukawaona wanashuka: mke wake na sufuria, watoto wameshikana mikono, na nyuma yao Nchagwa, godoro kichwani, maji yanamchuruzika mpaka viatuni.

Nikainua kamera. Kabla sijawaza lolote, ilikuwa jichoni. Nchagwa akaniona. Alisimama pale mvuani na godoro lake, hakuja mbele wala hakurudi. Nami nikamwona mdogo kama kidole.

Nyanya akaniita kutoka ndani, "Robi! Pokea huyo mtoto, unangoja nini?"

Mke wake alikuwa ananinyooshea kachanga. Mikono miwili haishiki kamera na mtoto. Nikaiweka kamera juu ya gunia la mahindi, nikapokea mtoto. Halafu ilikuwa kazi tu, kukausha, kukoka moto, Mama akigawa nguo zetu. Nyanya alimwambia Nchagwa neno moja: "Godoro liweke huku, kule panavuja." Hakuna la kesi. Hakuna la mwanamume. Mpaka leo wanalala kwetu.

Jioni ndipo niliona kwamba sikuizima kamera.

Nilipeleka kanda kwenye chumba cha video, yule jamaa wa fimbo akaniwashia asubuhi kukiwa hakuna watu. Picha imelala ubavu. Hakuna uso hata mmoja. Ni kizingiti cha mlango wetu, na miguu inaingia: ya watoto, ya mama yao, ya Mama yangu ikikimbia huku na huku, halafu viatu viwili vya mwanamume vimesimama nje, vinajaa maji, muda mrefu sana. Unasikia mvua. Unasikia Nyanya akihesabu watoto kwa Kikuria kama wote wametoka salama. Halafu vile viatu vinavuka kizingiti. Betri ikafa muda si mrefu.

Nililia kwa hasira, nakuambia ukweli. Umbo baya, mwanga mbaya, sikuchagua hata kitu kimoja. Na ndicho kitu bora nimewahi kurekodi. Jamaa wa fimbo aliiweka fimbo chini, na huyo hutafsiri hata asichoelewa.

Lakini si yangu kuonyesha bila ruhusa. Nilikuwa nimesoma barua yako mara nyingi mno. Nikamwita Nchagwa, nikampeleka kwenye chumba cha video, nikamwambia: ukikataa, naifuta hapa hapa mbele yako. Akatazama mpaka mwisho, amekunja mikono. Nikangoja anitukane.

"Hivyo viatu ni vyangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na uso wangu uko wapi?"

Nikamweleza kwamba kamera ilianguka upande, kwamba ilikuwa heri hivyo, watu hawatajua ni nani.

Akakasirika kweli. "Hawatajua? Mimi nilisimama mbele ya wazee watu wote wakanijua. Leo nimepokelewa, unaonyesha viatu? Watu watadhani ni mwizi aliyejificha mvua!"

Kwa hivyo jana mchana, Willis, kulikuwa na jua kidogo. Nchagwa amenyoa ndevu. Ameazima koti. Amejiwekea kiti mwenyewe mlangoni kwa Nyanya, pale pale kizingitini, na anasema ana neno la kusema, na atalisema mara moja tu. Sikujua ni neno gani; utalisikia kwenye kanda ukija. Nilikuwa naomba mtu mmoja tu katika hii dunia akubali kuketi mbele ya kamera yangu, na sikumfikiria yeye hata kidogo.

Jina lako litakuwa kwenye filamu hii pamoja na langu. Kamera ni moja, na nusu ya kanda ni omena ya Dolphine. Bwana Ondieki akikataa, tutarudia mwaka sote wawili. Rudi tarehe kumi na sita, siwezi kuhariri na hasira hizi peke yangu.

Nilikaza kamera begani. Ni nzito, sasa najua. Nchagwa akakohoa, akanyoosha kola, akaniuliza, "Nianze?"

Na Nyanya akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwambie asogee kwanza, ananizibia mlango."

Robi